Mgao wa Umeme wa Kujilipia

Sisi tuliokulia Dar es Salaam enzi za mgao hatuuamini umeme. Hata baada ya miaka yote hii Uingereza, taa ikipepesa kidogo tu mkono wangu unatangulia kutafuta mshumaa kabla akili haijafika. Lakini nilikuwa napona taratibu. Nilishafikia hatua ya kulalamikia bili kama wenyeji, na hicho ni cheti cha uraia kuliko hata pasipoti. Ndipo kaka wa mke wangu akanunua gari la kulala. Sasa kila likizo tunatoa hela zetu halali, tunakwenda kukaa kwenye uwanja wa nyasi ambako umeme ni wa kugawana, na atakayewasha birika bila kuomba ruhusa anatuingiza wote gizani.

Gari lenyewe sina ugomvi nalo. Lina kitanda cha kukunjua, sinki la kunawia vidole viwili kwa zamu, jiko la gesi la mafiga mawili, na friji inayotosha maziwa na samaki mmoja asiye na makuu. Shemeji anaweza kukuhadithia habari za injini yake mpaka chai ipoe. Ila muulize kuhusu waya unaoliunganisha gari hilo na umeme wa kambi. "Upo, shemeji. Ulikuja na gari." Basi. Hapo ndipo roho yangu inapochafuka. Mtu amelipa maelfu ya pauni kununua gari, ameongeza mamia kwa turubai la ubavuni ambalo hakuna kati yetu anayejua kulisimamisha, halafu kitu kinachobeba umeme wa watu wote waliolala mle ndani anataka akipate bure. Na tofauti ya bei kati ya waya wa maana na waya wa mashaka haijazi hata tangi moja la dizeli.

Kwa asiyeyajua mambo haya, nami namwonea wivu, kambi za huku zina vinguzo vifupi vya umeme vilivyosimikwa pembeni mwa kila eneo la kuegesha. Kila kinguzo kina soketi za buluu, za duara, zenye kifuniko cha kuzuia mvua. Waya wako una plagi yenye pini tatu upande mmoja, hiyo inaingia kwenye nguzo, na upande wa pili una kichwa chenye matundu, hicho kinaingia ubavuni mwa gari. Pini ya ethi ni nene kuliko wenzake, na plagi ina mfereji wake, kwa hiyo inaingia kwa namna moja tu. Huwezi kuikosea hata ukitaka.

Kwa mtoto wa Kiswahili hilo ni pigo. Nani kati yetu hajachokonoa tundu la juu la soketi kwa kalamu ili plagi ya pini mbili ipite? Nimehudhuria harusi ambayo muziki wote ulitegemea waya uliochunwa kwa meno na kuchomekwa ukutani kwa njiti mbili za kiberiti, na watu tukacheza mpaka alfajiri, bibi harusi kasimama hatua tatu kutoka pale. Hatukufa kwa sababu Mungu ni mwingi wa rehema, wala si kwa sababu tulijua tunachofanya. Shemeji ametoka katika malezi hayohayo. Kwake yeye waya ni waya.

Waya si waya. Nilimchukua dukani nikamwonyesha. Kwenye rafu palikuwa na nyaya mbili zimelala pamoja, zote za rangi ya machungwa, plagi za buluu zilezile, urefu uleule, mmoja ukiwa nafuu sana. Shemeji mkono wake ulishafika kwenye ule wa nafuu. Nikamwambia asome mgongoni. Kwenye ngozi ya kila waya wa halali kuna maandishi madogo yaliyochapwa, ya kutafuta kwa tochi na kuyapapasa kwa ukucha. Mmoja uliandikwa 3G2.5, mwingine 3G1.5. Tatu ni idadi ya nyaya zilizomo ndani, yaani wa moto, nyutro na ethi. Namba ya mwisho ni unene wa shaba ya kila mmoja kwa milimita za mraba. Kanuni za umeme za Uingereza, zile za BS 7671, zinataka waya wa kuungia gari la kulala kwenye soketi ya ampea 16 uwe wa 2.5, na urefu uwe mita 25 hivi. Ule wa 1.5 hauna dhambi kwa kazi ndogo. Dhambi ni kuuvisha plagi ya ampea 16 na kuuacha ujibu maswali usiyoyaweza.

"Milimita moja tu, shemeji," akasema. "Unanisumbulia milimita moja?"

Nikamfanyia hesabu palepale, kwenye mgongo wa risiti. Ukivuta ampea 16 zote kupitia mita 25 za waya wa 2.5, kwenda na kurudi, unapoteza karibu volti 6 njiani na waya wenyewe unatoa joto la wati 95 hivi. Ukivuta mzigo uleule kwa waya wa 1.5, zinapotea karibu volti 10, na joto linafika wati 155. Joto hilo unalilipia bili na chai hupati. Linaishia kupasha nyasi. Muuzaji, kijana mpole, alikuwa akitusikiliza kwa huruma ya mtu aliyezoea familia.

Na uzito usiudharau. Shaba peke yake katika mita 25 za waya wa 2.5 inapita kilo moja na nusu, na ukiongeza ngozi mzigo unafika kilo nne mpaka sita, kutegemea ni wa plastiki au wa mpira. Ukikuta waya mrefu unauinua kwa kidole kimoja huku unaongea na simu, jiulize humo ndani wameweka nini. Mara nyingine wameweka alumini iliyopakwa shaba juu, ambayo hupitisha umeme vibaya kuliko shaba na hukatika ovyo ikikunjwakunjwa. Mimi ningenunua wa mpira, ule wenye maandishi H07RN-F. Ni ghali zaidi na ni mzito, lakini asubuhi ya baridi bado unakunjika. Wa plastiki ya kawaida baridi ikiukuta unakakamaa, ukiuvuta huku unainuka kule, unapigana nao mbele ya majirani kama umekamata chatu.

Tuliununua wa 2.5. Wa plastiki, kwa sababu shemeji ni shemeji.

Sasa angalia binadamu alivyo. Waya mzuri tumepata, akaununulia na gurudumu la kuviringishia ili gari lionekane nadhifu. Tukaenda zetu Lake District, kule kaskazini-magharibi mwa England, mvua inanyesha kama ina mkataba. Kutoka kwenye gari mpaka kwenye nguzo palikuwa na hatua chache tu. Akafungua mita alizohitaji, zilizobaki akaziacha zimejiviringisha kwenye gurudumu, akalisukumia chini ya gari lisilowe. Kisha akawasha heta.

Nilimwambia afungue wote. Akaniuliza kama nataka watu wajikwae. Kwenye magurudumu mengi kuna kibandiko chenye namba mbili, kiasi cha umeme unachoruhusiwa kuvuta waya ukiwa umefunguliwa wote, na kiasi kingine ukiwa umeviringishwa, na mara nyingi hiki cha pili hakifiki hata nusu ya kile cha kwanza. Sababu ni zile wati nilizomwandikia kwenye risiti. Zikitandazwa kwenye mita 25 za nyasi, upepo unazibeba. Zikifungiwa kwenye msokoto mmoja, kila mzunguko unampasha mwenzake, ya katikati haina pa kutolea pumzi, plastiki inalainika, na siku mbaya inayeyuka mpaka nyaya zinagusana. Shoti hiyo inatokea chini ya sakafu unayolalia.

Maneno yangu hayakusikika. Yaliyosikika ni ya mzee wa gari la jirani, mwenye kaptula katikati ya mvua, aliyekuja na kikombe chake mkononi bila kualikwa. Kila kambi ina mzee huyu. Anatazama plagi yako kwa jicho la mkaguzi, anajua nguzo ipi ni mbovu na tangu mwaka gani. Aliinama chini ya gari letu, akaweka kiganja kwenye gurudumu, akakiondoa haraka. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba yeye angezima heta sasa hivi. Shemeji akaizima, tena kwa adabu ambayo sijawahi kuiona katika ukoo ule. Mimi niliyesema jambo hilohilo kwa Kiswahili fasaha, na mara mbili, sikuambiwa hata asante.

Tukaufungua wote. Mita zilizozidi tukazilaza chini ya gari kwa mawimbi mapana, bila kuzirundika na bila kuzipitisha njiani, maana asubuhi hupita mtu wa kukata nyasi na mashine yake haichagui. Mzee akatusimamia mpaka mwisho. Chai yake ilikuwa imeshajaa mvua.

Kilichofuata ni mgao wenyewe. Nguzo ile iliandikwa ampea 10. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2,300, na hizo ndizo mali zenu zote, baba, mama, shangazi na watoto. Birika la kawaida la nyumbani hapa linakula wati 3,000. Yaani birika peke yake, kabla hujagusa kitu kingine, limeshavuka mpaka. Heta ya feni ni wati 2,000. Mikrowevu imeandikwa 700 mlangoni, lakini hiyo ni nguvu inayoingia kwenye chakula. Kutoka kwenye waya inavuta zaidi ya 1,000. Friji na chaja ya betri nazo zipo pembeni zinanyonya polepole. Mke wangu, ambaye hesabu hizi anaziona kama roho mbaya ya wanaume, alikuja na birika la nyumbani, jiko la wali la umeme, na kikaango cha chapati kilichofichwa kwenye begi la mataulo.

Saa nne kasoro usiku akachomeka birika wali ukiwa jikoni. Giza.

Kwenye kambi nyingine unajirudishia umeme mwenyewe kwenye nguzo. Hii yetu kisanduku kilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao mlinzi wa kambi, na mlinzi alikuwa ameshavaa pajama. Wali ulikuwa umefika ile hatua ambayo si mchele tena na bado si chakula. Na ni wakati huohuo dada yangu wa Tanga alipoamua kupiga simu ya video kutusalimia.

"Mbona giza? Mko wapi?"

"Tuko kwenye gari, dada. Umeme umekatika."

"Ulaya?" Akaita watu wa nyumbani waje waone. Nikasikia viti vinavutwa. "Njooni mwone, wamekatiwa umeme Ulaya!"

"Hatujakatiwa. Tumezidisha matumizi."

"Sisi huku unawaka tu. Tuna Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Nyinyi mna ngapi hapo?"

Sikuwa na uso wa kumtajia wati 2,300.

Mlinzi alikuja, hakusema neno, akarudisha umeme, akatutazama machoni kwa sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika. Toka hapo tukawekeana ratiba. Heta ikizimwa ndipo birika linawaka; wali ukiiva ndipo chaja za simu zinaruhusiwa; mikrowevu kwa kibali. Mke wangu akaiita ratiba hiyo kwa jina la utani ambalo siwezi kulichapisha, lakini limo jina langu. Niliyahama haya mambo mwenyewe kwa ndege, nikalipa visa, na sasa nayaendesha kwa kalamu na karatasi milimani England.

Lipo na suala la maji. Lake District ndiko kiliko kijiji cha Seathwaite, kinachotajwa kuwa na mvua nyingi kuliko mahali pengine popote panapokaliwa na watu England, nami naamini siku ile tuligawiwa na sehemu yetu. Plagi hizi za buluu kwa kawaida zimetengenezwa kuvumilia rasharasha. Hazikutengenezwa kulala kwenye dimbwi. Kwa hiyo kuunga waya wa pili ili ufike mbali, kisha ule mwungano ukauacha kwenye nyasi, ni kuutafuta umeme ukukute miguuni. Sogeza gari. Na pale waya unapoingia ubavuni, uache uning'inie kidogo kwanza kabla haujapanda, maji yachuruzike yaishie kwenye ule upinde badala ya kufuata waya mpaka ndani ya soketi. Hilo halina gharama yoyote, na bado nusu ya magari niliyoyapita kambini yalikuwa yameukaza waya kama kamba ya kuanikia.

Mpangilio wa kuunga nao una watu wake wa kubishana. Shemeji alikuwa anaanza na nguzo, kwa sababu iko karibu na mahali anapotupa mzigo. Maana yake ni kwamba anatembea kwenye nyasi mbichi ameshika mkononi kichwa cha waya chenye umeme ndani. Kwanza zima vitu vyote garini. Kisha unga gari, halafu nguzo iwe ya mwisho. Kwenye nguzo nyingi za huku unasukuma plagi na kuizungusha kulia mpaka ijifunge, la sivyo umeme hautoki, na wageni wengi husimama pale wakiilaumu kambi. Ukifika ndani bonyeza kitufe cha majaribio kwenye ile swichi ya usalama, ile inayokata umeme ukivuja kwa miliampea 30. Isipokata, usilale na waya umeungwa. Siku ya kuondoka geuza mpangilio: nguzo ndiyo inaanza kuchomolewa, kwa kitufe chekundu. Na mtu mmoja alizunguke gari kwa macho yake kabla injini haijawaka, maana kila mzee wa kaptula ana hadithi ya jirani aliyeondoka na nguzo.

Ungedhani tukirudi nyumbani nitapumzika. Thubutu. Gari halina pa kuegeshwa kwao, kwa hiyo linaegeshwa kwangu, na betri yake lazima ichajiwe, kwa hiyo waya unapita dirisha la jikoni kwangu. Plagi za nyumbani za Uingereza ni zilezile za kwetu Tanzania na Kenya, za pini tatu za mstatili, na ndani yake kuna fyuzi isiyozidi ampea 13. Kuna kiungio kinachouzwa, upande mmoja plagi hiyo, upande wa pili kichwa cha buluu. Kwa friji na chaja ya betri hakina neno, mradi soketi ya ukutani inalindwa na swichi ya usalama na dirisha halijaufyata waya. Shemeji akawasha na heta, usiku kucha, eti unyevunyevu usiharibu magodoro. Asubuhi niliishika plagi ile ukutani. Ilikuwa na joto la kupashia mandazi. Fyuzi inakuruhusu kuvuta ampea 13. Haikuahidi kwamba plagi itafurahia kuzibeba, au kuzikaribia, kwa saa nane mfululizo. Nikachomoa. Na uniti ni zangu, jambo ambalo katika mazungumzo yetu halijawahi kutajwa na mtu yeyote isipokuwa mimi.

Sasa imepitishwa, bila kura yangu, kwamba mwakani tunakwenda Ufaransa. Kambi nyingi za kule zinatoa ampea 10, na nyingine 6 tu, yaani wati 1,380. Hiyo ni heta iliyowekwa nusu na mtu mmoja kuchaji simu. Kambi za zamani bado zina soketi za Kifaransa, ambazo pini ya ethi imechomoza kutoka kwenye soketi yenyewe, hivyo lazima uende na kiungio chake. Kisha kuna uwezekano ukute waya wa moto na nyutro vimebadilishana mahali. Taa inawaka, friji inanguruma, kila kitu kinaonekana sawa. Lakini swichi inayokata upande mmoja tu itakuwa inakata nyutro, na chombo ulichodhani umekizima bado kina moto ndani. Dawa yake ni kipimo kidogo chenye vitaa vitatu unachokichomeka garini kabla ya kuwasha chochote, pamoja na kipande kifupi cha waya kilichogeuzwa kwa makusudi, kikiwekewa alama kubwa ili asije akakitumia mtu pasipohitajika. Nimemwandikia shemeji orodha. Amenijibu kwa picha ya mnara wa Eiffel.

Mke wangu, lazima niseme, amejiandaa. Amenunua birika dogo la safari, la wati zisizofika 1,000. Linachemsha vikombe viwili kwa mkupuo, tena bila haraka yoyote. Sisi tutakuwa sita. Amepanga foleni ya chai ya asubuhi tayari, wanaanza watoto, kisha shangazi, kisha shemeji kwa kuwa ndiye dereva, kisha yeye. Mimi nimewekwa mwisho kwa sababu, anasema, ndiye ninayeelewa mambo ya umeme.